EEG ya mdogo wangu imekuja mbaya, wanasema antibodi zinashambulia ubongo. Ndo kifafa cha maisha?

"Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kike ana miaka 22, alikuwa chuo mwaka wa pili, mzima kabisa. Alianza na homa ndogo na kichwa kuuma, wiki moja baadae akawa halali, anaongea mfululizo, anasema watu wa hosteli wanamsikiliza kupitia simu. Tukampeleka kwa shehe, alafu hospitali, huko wakamdunga sindano ya kumtuliza akakakamaa mwili mzima. Kisha akaanguka kifafa mara mbili siku moja. Sasa hivi kanyamaza kimya, anakodoa macho tu, mdomo unatafuna muda wote kama ana bazoka. Picha za kichwa za CT na MRI safi, malaria hamna, HIV hamna. EEG ya kwanza waliandika mawimbi ya taratibu, ya pili ikaja na maneno 'delta brashi'. Daktari wa neva anasema ni antibodi zake mwenyewe zinashambulia ubongo, maji ya uti wa mgongo yamepelekwa nje ya nchi majibu wiki tatu, ila yeye anataka aanze dawa za kushusha kinga sasa hivi. Tunaogopa. Umeme ukizidi kichwani si unaunguza ubongo? Ndo kifafa cha maisha? Mbona vidonge vya kifafa anakunywa na mdomo bado unacheza? Jirani anasema ni ule ugonjwa wa Mahenge wa watoto kutikisa kichwa. Wengine wanasema tuuze kiwanja twende India. Tusaidie."

Marahaba, na poleni sana hapo nyumbani. Nianze na la muhimu hata kama hutasoma yaliyobaki: huyo daktari wa neva anayetaka kuanza dawa kabla majibu hayajarudi yuko sahihi. Mimi sijamwona mgonjwa, sijashika karatasi zake, kwa hiyo siwezi kukaa kwenye kiti chake yeye, lakini ulivyoeleza mfuatano wa dalili, yaani homa ndogo, kuchanganyikiwa, kukosa usingizi, kuanguka, kukakamaa, kisha kunyamaza na mdomo kucheza, kwa binti wa miaka 22, hiyo hadithi wanaofanya kazi ya neva wanaijua. Na ina jina, inaitwa ensefalaitisi ya antibodi za NMDA, yaani kinga ya mwili inashambulia ubongo wenyewe, hiyo NMDA nitaieleza huko chini.

Sasa huo umeme, maana naona ndo umewatisha kuliko vyote. Watu wengi wakisikia "umeme wa ubongo sio mzuri" wanawaza shoti, wanawaza waya umeungua, mama mmoja aliwahi kuniuliza kama mwanae akiguswa atampiga mtu shoti. Hapana. Umeme ambao EEG inaupima juu ya ngozi ya kichwa ni mikrovolti 10 mpaka 100 hivi, mikrovolti moja ni sehemu moja ya milioni ya volti, soketi ya ukutani kwako ni volti 230. Hauunguzi kitu. Na tena kwa mdogo wako tatizo sio kwamba umezidi, ukisoma vizuri hizo ripoti mbili zinasema mawimbi yamepungua mwendo. Kitu kimoja tu ndo cha kuogopa upande huo, kifafa kinachopiga bila kukata, kikipita dakika 5 mfululizo ni dharura kwa sababu seli zinachoka na zinaweza kufa, na kuna aina ambayo mtu hatikisiki kabisa, amelala tu anakodoa, huku ndani kinaendelea. Hiyo ya kimyakimya hujui bila EEG, na ndo sababu mojawapo wamempima mara mbili, sio kwamba wanawatafutia bili.

EEG yenyewe inapima nini? Seli za ubongo zinaongea kwenye maungio, moja inamwaga kemikali, ya pili inapokea kwa vipokezi vilivyo juu ya ngozi yake, na kila kipokezi kikifunguka chaji kidogo inaingia au inatoka. Seli moja haisikiki huko nje. Maelfu kwa maelfu yakifanya kwa pamoja ndo wimbi linaonekana. Ni kama kusikiliza harusi ya jirani ukiwa nje ya ukuta, ngoma unaisikia, unajua kama wamechangamka au wamepoa, ila bibi harusi anamwambia nini mama yake huwezi kujua. Mjerumani Hans Berger ndo alirekodi mawimbi ya ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, akakaa nayo miaka mitano kabla ya kutangaza mwaka 1929, na mpaka leo kanuni ni ileile.

Mtu mzima aliye macho akifumba macho, nyuma ya kichwa anatoa mawimbi 8 mpaka 13 kwa sekunde. Yale ya chini ya 4 kwa sekunde tunayaita delta, na ukiwa usingizi mzito ni ya kawaida kabisa, mimi na wewe usiku tunayatoa. Yakitawala mtu akiwa macho ndo shida. Lakini sasa hapa wengi wanakosea, mawimbi ya taratibu peke yake hayasemi ugonjwa gani, malaria kali inayaleta, ini likifeli yanakuja, dawa za usingizi nyingi zinayaleta, meninjaitisi, ile homa ya uti wa mgongo, hivyohivyo. Kwa hiyo ripoti ya kwanza ilisema tu kwamba ubongo unaumwa kweli, na hiyo sio ndogo, maana kwa binti anayeongea mambo ya kusikilizwa kupitia simu watu wangeishia kusema ni ugonjwa wa akili na kumpeleka wodi nyingine. EEG mbovu ikasema hapana, angalieni ubongo wenyewe.

Ripoti ya pili ndo imenyoosha kidole. Delta brashi maana yake wimbi la taratibu, moja mpaka matatu kwa sekunde, na juu ya mgongo wake limepandiwa na vijiwimbi vya haraka sana, 20 mpaka 30 kwa sekunde, ukiangalia kwenye skrini unaona kilima kirefu chenye manyoya juu, manyoya hayo yanarudi kwenye kila kilima, kichwa kizima. Jina limetoka kwa EEG za watoto njiti, wao huwa na kitu kinachofanana nacho na ni kawaida kwa umri wao. Mwaka 2012 ndo kikaandikwa kwa wagonjwa watu wazima wenye antibodi za NMDA, 7 kati ya 23 walikuwa nacho. Kwa hiyo kikiwepo kinatupa nguvu sana, kisipokuwepo hakimaanishi kitu, wengi hawanacho. Ninyi mmekipata, ndo maana daktari wenu hataki kusubiri.

Tuje kwenye antibodi. Antibodi, au kingamwili ukipenda, ni protini ambazo mwili unatengeneza kukamata wadudu. Kila moja imeumbwa kukaa kwenye kitu kimoja mahsusi. Mara nyingine mwili unakosea, unatengeneza inayokaa kwenye kitu chako mwenyewe. Kwa mdogo wako kinachoshukiwa ni kipokezi kinachoitwa NMDA, kipo kila mahali kwenye ubongo ila kimejaa sana kwenye sehemu za kumbukumbu na za mbele, kinahusika na kujifunza, kukumbuka, kuunganisha mawazo. Ugonjwa huu ulielezwa vizuri mwaka 2007 na timu ya daktari wa neva Josep Dalmau, walianza na wanawake 12 waliokuwa na uvimbe, 11 kati yao kwenye ovari, hao wote kabla ya hapo wangeandikiwa kichaa au ensefalaitisi isiyojulikana. Ugonjwa sio mpya. Kipimo ndo kipya.

Na hapa naomba usome taratibu kwa sababu ndo moyo wa swali lako. Antibodi hizi haziui seli. Zina mikono miwili, mkono mmoja unashika kipokezi hiki, wa pili unashika cha jirani, vinafungwa pamoja, seli ikiona vimefungwa hivyo inavivuta ndani na kuvimeza. Seli iko hai, waya zake zipo, ila ngozi yake imebaki na vipokezi vichache. Kadiri antibodi zinavyokuwa nyingi ndo vipokezi vinavyopungua. Maabara walipoziosha zile antibodi, seli ziliotesha vipokezi vyake upya baada ya siku chache. Ndo maana MRI ya mdogo wako ni safi na hiyo sio ajabu wala sio kosa la mashine, wagonjwa wengi wa ugonjwa huu MRI yao inakuja safi, kwa sababu MRI inaonyesha umbo na umbo halijaharibika, kilichoharibika ni mazungumzo, na mazungumzo yanaonekana kwenye EEG. Karibu 9 kati ya 10 EEG zao haziko sawa.

Kwa nini sasa kupungua kwa kipokezi kimoja kunaleta kelele na ukimya kwa pamoja? Ubongo una seli za kuchochea na seli za kutuliza, na zile za kutuliza zenyewe zinahitaji kuchochewa kupitia NMDA ili zifanye kazi. Vipokezi vikitoweka, za kutuliza ndo zinalegea mapema, zile za kuchochea zinabaki bila msimamizi, hapo ndo unapata kuongea mfululizo, kukosa usingizi, kusikia visivyokuwepo, kuanguka kifafa. Ugonjwa ukizidi mzunguko mzima kati ya gamba la ubongo na kitovu chake cha ndani unashuka kwenye mwendo wa taratibu, mtu ananyamaza, anakodoa, haitikii. Hayo ndo maelezo yanayokubalika zaidi kwa sasa, na yana ushahidi mmoja mzuri ambao kila nesi wa chumba cha upasuaji anaujua: ketamini. Ile sindano ya usingizi inayotumika hospitali zetu karibu zote kazi yake ni kuziba hivyohivyo vipokezi vya NMDA. Dozi ndogo mtu anaona vitu, anaongea maneno hayaeleweki, dozi kubwa anakodoa macho wazi lakini hayupo. Kama umewahi kukaa na mgonjwa anayeamka kutoka kwenye ketamini utaona ni mdogo wako yule, tofauti ni kwamba ketamini inaisha baada ya saa moja mbili, antibodi zinatengenezwa kila siku.

Hapo hapo nijibu la shehe, maana hujauliza moja kwa moja ila nimelisikia. Sina ugomvi na dua. Msomeeni, mwombeeni, na yeye hata akiwa amekodoa huenda anasikia. Ninachokataa ni mambo manne: kumtoa wodini ili akafanyiwe kisomo nyumbani, kumnyima chakula, kumfukiza moshi wakati upumuaji wake wenyewe uko hatarini, na kumfunga kamba. Basi. Mengine ni yenu.

Vidonge vya kifafa na mdomo unaotafuna. Huu ndo mtego mkubwa wa ugonjwa huu na hata madaktari wanaingia. Ile kutafuna, kulamba midomo, kukunja sura, mikono kucheza kama inafinyanga kitu, mara nyingi sio kifafa kabisa. Ni mienendo inayotoka sehemu za ndani za ubongo, na EEG ikiwa inarekodi huku kamera inamtazama, mdomo unacheza na mawimbi hayabadiliki hata kidogo. Kwa hiyo ukiongeza vidonge kwa sababu ya mdomo, utamlaza tu, upumuaji utashuka, na mdomo utaendelea. Yale maanguko mawili ndo yalikuwa kifafa, na vidonge ni kwa ajili ya hayo. Muulize daktari swali hili kwa maneno haya: "hizi anazofanya mdomoni, EEG ilionyesha ni kifafa au sio?" Atafurahi kuulizwa.

Alafu hata kwa yale maanguko yenyewe, vidonge vinashikilia tu huku kazi ikifanyika kwingine. Kinachowasha ni antibodi. Muulizeni pia anatumia kidonge gani, levetiracetam ni nzuri ila kwa baadhi ya watu inaongeza hasira na fujo, sodiamu valproeti kwa binti wa umri wa kuzaa sio ya kukaa nayo muda mrefu kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto tumboni mimba ikitokea. Na ile sindano iliyomkakamaza, kama ilikuwa haloperidol au jamii yake, zile dawa za wagonjwa wa akili, mwambieni kila daktari mpya atakayemshika, waandike hata juu ya faili kwa wino mwekundu. Wagonjwa hawa wanaathirika na dawa hizo kirahisi sana, wanakuwa wagumu kama mbao, homa inapanda, alafu mtu anachanganyikiwa asijue ni dawa au ugonjwa.

Sasa, ndo kifafa cha maisha? Uwezekano mkubwa hapana. Wataalamu wa kifafa duniani tangu 2020 wamekubaliana kutenganisha, maanguko yanayotokea wakati antibodi za aina hii zinashambulia hayaitwi kifafa kwanza, yanaitwa maanguko ya ugonjwa wa ghafla, kwa sababu wengi antibodi zikitulia na yenyewe yanaisha, na dawa zinapunguzwa baadae taratibu chini ya daktari. Chini ya daktari nimesema, msije mkaacha siku moja mkaona amepona.

Nikiri lakini sio antibodi zote ziko hivi, na hili linawachanganya watu wanaosoma soma mtandaoni. Kuna za LGI1, hizo zinapenda watu wa miaka 50 kwenda juu, wanaume zaidi, LGI1 ni protini inayoshikanisha pande mbili za maungio ya seli, antibodi zikiiachanisha seli inasisimka kupita kiasi, mzee anapata vishtuko vya sekunde chache, uso na mkono wa upande mmoja, mara kadhaa au hata makumi kwa siku, chumvi ya sodiamu kwenye damu inashuka, na cha ajabu EEG ya juu ya kichwa wakati wa kishtuko mara nyingi inakuja safi. Vidonge vya kifafa havifui dafu, steroidi, yaani dawa za kushusha kinga, zinamaliza. Na kuna kundi lingine baya zaidi, antibodi za vitu vilivyo ndani ya seli, kwa mfano zinazoitwa Hu, hizo zenyewe sio zinazoua, ni alama tu kwamba chembe nyeupe za T zinaua seli za neva, mara nyingi kuna saratani nyuma yake, na huko seli ikifa imekufa. Ukisoma mtu anasema "antibodi za ubongo hazitibiki" huenda anaongelea hilo kundi. La mdogo wako, kama ni NMDA kweli, ni lile linalotibika.

Jirani na Mahenge. Anachosema sio cha kutunga, ugonjwa wa kutikisa kichwa upo, Mahenge kule Morogoro Daktari Louise Jilek-Aall aliuona tangu miaka ya 60, upo kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini pia. Unafuata mito yenye inzi wanaobeba minyoo ya usubi, unaanza kwa watoto, kichwa kinaanguka mbele mara kwa mara hasa wakiona chakula. Mwaka 2017 watafiti waliripoti kwamba antibodi za kupambana na mnyoo huenda zinashambulia protini ya seli za neva inayoitwa leiomodini-1, tafiti zilizofuata hazikuafikiana, mjadala bado upo. Ila binti wa miaka 22 wa hosteli, aliyeanza na kuchanganyikiwa akili ndani ya wiki chache, sio huo. Mwambie jirani asante.

Matibabu. Kabla ya kushusha kinga daktari lazima ajiridhishe hamna maambukizi yanayofanana, malaria na HIV wameshatoa, waulizeni kuhusu TB ya ubongo, kaswende, fangasi wa kriptokokasi, na hasa kirusi cha hepesi. Hepesi ya ubongo ina dawa yake, acyclovir ya dripu, wengi huianzisha kwa tahadhari mpaka kipimo kirudi. Na hepesi yenyewe inaweza kuamsha antibodi hizi wiki chache baada ya kupona, kwa hiyo mtu akipona hepesi alafu akarudi kuchanganyikiwa, hapo pia zitafutwe.

Hatua ya kwanza ni steroidi, methylprednisolone gramu 1 kwa siku kwa dripu, siku 3 mpaka 5. Pamoja nayo au baada yake ni IVIG, antibodi safi za watu wengi zinazochujwa kutoka kwenye damu, au kubadilisha plazma, yaani maji ya damu, kwa mashine. IVIG ni ghali, sitawadanganya, na mashine ya plazma haipo kila hospitali. Kama baada ya wiki mbili hivi hamna mabadiliko wanakwenda hatua ya pili, dawa nyingine za kushusha kinga, rituximab au cyclophosphamide. Wasiwasi wenu kuhusu kushusha kinga ni wa haki kabisa, sukari inaweza kupanda, presha, maambukizi kujificha. Muulizeni kama wamempima homa ya ini B kabla ya rituximab, na kama atapewa dawa ya minyoo kabla ya steroidi, kuna mnyoo mmoja wa kwetu huku, strongiloidi, mtu anaweza kukaa nao miaka bila dalili ila akipewa steroidi nyingi unasambaa mwili mzima. Ukipima pande zote mbili lakini, hatari ya kusubiri ni kubwa kuliko ya kuanza. Walioanza mapema ndo wanaopona vizuri, na utaratibu wa kimataifa wa mwaka 2016 unaruhusu kabisa kusema "inawezekana sana ni NMDA" kwa dalili za aina nne kati ya sita zilizojitokeza ndani ya miezi mitatu, pamoja na EEG mbovu au chembe nyeupe kwenye maji ya mgongo, na mengine yakiwa yametolewa. Mdogo wako kwa ulivyoeleza anafika.

Wamefanya vizuri kupeleka maji ya mgongo badala ya damu tu. Damu inaweza kukosa antibodi hizi kwa wagonjwa kama 14 kati ya 100, wakati kwenye maji ya mgongo zipo, kwa sababu zinatengenezwa hukohuko ndani.

Na ovari. Hili msilale nalo. Ultrasaundi ya tumbo la chini, na ikiwezekana MRI ya nyonga, kutafuta teratoma, uvimbe ambao ndani yake unaweza kukuta nywele, meno na hata tishu za neva, hizo tishu ndo zinazofundisha kinga kosa. Kwa wanawake vijana uvimbe huu ni wa kawaida kwenye ugonjwa huu, na ukikutwa ukatolewa mgonjwa anageuka haraka kuliko kwa dawa peke yake. Hujaandika kama wamepima. Kesho asubuhi uliza.

Atapona lini? Kwenye utafiti mkubwa wa 2013 wenye wagonjwa 577, waliopata matibabu na kufuatiliwa, kama 8 kati ya 10 walikuwa vizuri ndani ya miaka miwili, na kidogo zaidi ya nusu walianza kuonyesha nafuu ndani ya wiki nne za hatua ya kwanza. Wapo waliofariki, kwa hiyo sio ugonjwa wa mchezo. Kwa nini nafuu inakuja taratibu inaeleweka, antibodi ya damu inachukua kama siku 21 kupungua nusu, na zilizo ndani ya ubongo zinachelewa zaidi. Atarudi kwa kinyume cha alivyoondoka, ataanza kufungua macho na kufuata kwa kuangalia, mdomo utatulia, ataongea kidogo, na usishangae kabla hajawa sawa akapita tena kwenye kile kipindi cha fujo na maneno ya ajabu, familia nyingi hapo zinadhani umerudi upya kumbe anapita njia ileile kurudi. Kumbukumbu na mipango ndo vya mwisho, chuo asirudishwe haraka. Kipindi cha wodini huenda asikikumbuke kabisa. Ugonjwa kurudia kupo, kama 12 kati ya 100 ndani ya miaka miwili.

India. Dawa ni zilezile. Steroidi zipo hapahapa, ultrasaundi ipo, na mgonjwa ambaye upumuaji na mapigo yake yanaweza kubadilika ghafla sio wa kupandisha ndege ya kawaida. Kama mlipo hamna ICU wala mashine ya kupumulia, ombeni rufaa ya hospitali ya kanda au ya taifa leo. Hela za kiwanja, kama lazima kiuzwe, zifikirieni kwanza kwa IVIG au rituximab. Kusafiri kuzungumzwe akishatulia na kama kuna kitu mahsusi kinakosekana hapa, na daktari aseme ni kitu gani kwa jina.

Mwite nesi papo hapo, usisubiri raundi, ukiona: anapumua kwa kusitasita au anaacha kidogo, mapigo yanakimbia sana au yanashuka sana, jasho na homa kali bila sababu, anatikisika zaidi ya dakika 5, au ameacha kuitikia hata kwa kufinywa. Mkiwa nyumbani siku moja na hayo yakatokea, mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko mdomoni, nendeni.

Watamrudia EEG, pengine zaidi ya mara moja, kuangalia kama manyoya yale yanapungua na mwendo wa kawaida unarudi, na inaweza kuchelewa kuliko yeye mwenyewe, kwa hiyo akianza kuongea na karatasi bado mbaya msikate tamaa, angalieni mtu. Kabla ya kipimo fumueni nywele zote, rasta za kushonea zitoke, waoshe kichwa kwa sabuni bila mafuta wala jeli, waya zinabandikwa 21 hivi na mafuta yanazifanya ziteleze, nimeshaona vipimo vya nusu saa vinatupwa kwa sababu ya mafuta ya nazi. Mrekodini na simu kila anapofanya kitu kipya, video iwe na sura na mikono yote miwili, na mwandike saa, ili fundi wa EEG ajue pa kutazama.